Kuchezea Mark II na Wenzake Ukiwa Dodoma: Anza na Rejeta, Malizia na Farasi

Mtu akinunua Toyota Mark II ya GX100 Jumamosi, Jumatatu anauliza bei ya bomba kubwa la moshi. Simcheki, maana nami nilifanya hivyo hivyo. Gari langu ni Mark II la mwaka 1997 lenye injini ya 1G-FE, na hela ya kwanza niliyolitolea ilikwenda kwenye kelele. Likawa linanguruma kutoka Nkuhungu hadi Area D, watoto wanageuka kuangalia, kisha likapitwa na IST kwenye kilima cha UDOM. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningeokoa hela nyingi kama ningeupata siku ile.

Kwanza uelewe mji uliomo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo, pampu inayoishindilia injini hewa) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa sababu hiyo tu. 1G-FE ya gari langu ilitoka Japani na nguvu ya farasi 140. Hapa, hata ingekuwa mpya, ungehesabu kama 125. Toa na uchakavu wa miaka zaidi ya ishirini, halafu ongeza vumbi la kiangazi na jua la Novemba. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya hobi hii mjini kwetu ni kurudisha kilichopotea. Kuongeza kunakuja mwishoni kabisa.

Hatua ya 1: Jua gari ulilonalo

Fungua boneti, tafuta kibati kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Pale pameandikwa modeli, injini, namba ya rangi na aina ya giaboksi. Kipige picha uiweke kwenye simu, maana muuza spea atakuuliza, na "Mark II nyeupe" si jibu.

Mark II, Chaser na Cresta za kizazi cha 100 ni ndugu wa tumbo moja. GX100 ina 1G-FE ya lita mbili. JZX100 ina 1JZ ya lita mbili na nusu. Kuanzia 1998, 1G-FE ilibadilika: ikapata VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, na kufika farasi 160. Tofauti hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kwenye hii ya VVT-i, mkanda wa taiming ukikatika valvu zinakutana na pistoni, na hapo umenunua injini nyingine. Toyota walipanga mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kama huna ushahidi ulibadilishwa lini, ubadilishe wiki ya kwanza, pamoja na pampu ya maji kwa kuwa fundi ameshafungua huko huko. Usiiamini ile namba ya kilomita kwenye dashibodi.

Corolla 110 yenye 5A-FE, Starlet na Carina nazo ni magari mazuri ya kujifunzia: mepesi na spea zake hazikaukii. Altezza ni tamu zaidi, inasukuma kwa nyuma na ile ya 3S-GE ina farasi 210 ikiwa na gia ya mkono, ila injini hiyo ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu la Japani, yenye okteni isiyopungua 96. Ukiinywesha chochote, sensa inayosikiliza injini ikigonga inarudisha taiming nyuma, yaani inachelewesha cheche ya plagi, na farasi wako wanalala bandani.

Hatua ya 2: Pima kabla hujanunua chochote

Mwombe fundi mwenye geji akupimie kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya kila silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, umeme wa moto na wa injekta ukatwe, betri iwe na nguvu, na mtu mmoja akanyage pedali ya mafuta hadi chini wakati wa kupiga stata. Andika namba ya kila silinda.

Hapa watu wengi wa Dodoma hupata presha ya bure. Namba zilizomo kwenye vitabu ni za usawa wa bahari. Huku kwetu geji itasoma pungufu hata kama injini ni nzima. Unachotafuta ni ulingano: silinda ya juu na ya chini zisipishane zaidi ya psi 14 hivi. Silinda ikiwa imebaki nyuma, itilie kijiko kidogo cha oili upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, shida iko kwenye valvu au gasketi ya hedi. Kwenye hali zote mbili, sahau bomba la moshi kwa sasa.

Hatua ya 3: Maliza habari ya joto

Kwa mwinuko wetu maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta: unabana presha ndani, na maji yanavuka nyuzi 110 bila kuchemka. Mfuniko ambao raba yake imekauka haubani kitu, na gari litachemsha likiwa na rejeta nzima, fani nzima na maji yamejaa. Huo mfuniko ndio spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye ukurasa huu. Badilisha kwanza, kisha ndipo uanze kutafuta mchawi.

Halafu themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Mafundi wetu wana tabia ya kuing'oa gari likichemsha mara moja, na mteja anaondoka akiwa amefurahi. Kinachofuata hakionekani haraka: asubuhi ya Julai, baridi la Dodoma unalijua, injini haifiki joto lake hata ukifika Mtumba. Kontroliboksi, yaani kompyuta ya injini, inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Plagi zinakuwa nyeusi, gari linakunywa mafuta, nawe unaambiwa "hizi six (za silinda sita) ndivyo zilivyo". Sivyo zilivyo. Rudisha themostati inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 82.

Fungua pia vyuma vya mbele na uangalie kati ya rejeta na kondensa ya AC. Kwenye gari langu palikuwa na manyoya, majani na udongo mwekundu ulioshikana kama tofali. Osha kwa maji yenye msukumo mdogo ukitokea upande wa injini kwenda nje, maana presha ya kuoshea magari inalaza mapezi ya rejeta. Weka kulanti, acha maji ya bomba. Maji yetu yana chumvi, na chumvi hiyo inajenga ukoko ndani ya mirija.

Kama fani yako ni ile inayozungushwa na mkanda kupitia kishikio chenye mafuta ya silikoni, izungushe kwa mkono gari likiwa la moto na limezimwa. Ikizunguka kama feni ya kitoto, kishikio kimekwisha.

Hatua ya 4: Moto

Toa plagi uzisome. Kahawia ya mchanga ni habari njema. Nyeusi ya masizi ni mafuta mengi, nyeusi ya kung'aa yenye unyevu ni oili. Ukikuta oili imejaa kwenye shimo la plagi, gasketi ya tapeti kava imekauka. Badilisha hiyo kabla hujaweka plagi mpya, usije ukazizamisha siku hiyo hiyo.

Sasa taiming ya cheche, na hapa nakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo kazi iliyobadilisha gari langu kuliko kitu chochote nilichonunua.

Gari la zamani lenye distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, linaweza kupangwa taiming kwa mkono. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS, na chini ya mfuniko kuna ramani ya vitundu. Tafuta TE1 na E1. Injini iwe imepata joto, AC na taa zizimwe. Unganisha vitundu hivyo viwili kwa kipande cha waya. Kibano cha taa ya taiming kishike waya wa plagi namba moja, kisha mulika puli ya kranki. Alama ya puli inatakiwa isimame kwenye nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Haijasimama hapo? Legeza bolti ya distributa, izungushe kidogo kidogo, kaza, mulika tena. Ukichomoa waya utaona taiming inasogea yenyewe. Hapo kontroliboksi imeshika usukani.

Mara ya kwanza tulifanyia chini ya mwarobaini, kwa fundi mmoja wa Kizota, saa kumi na mbili jioni ili mwanga wa taa uonekane vizuri. Alimulika, akanyamaza, akamulika tena.

"Bosi, nani alikupangia hii?"

"Walipanga kwa sikio, kaka."

"Sikio lake lina nta. Iko nne hii."

Alizungusha distributa kiasi cha upana wa kucha. Injini ikapanda sauti yenyewe bila mtu kugusa pedali, na ule mtikisiko wa usukani niliouzoea mwaka mzima ukaisha. Gharama yake ilikuwa hela ya soda na nauli.

Wako watakaokwambia kwa kuwa hewa ya Dodoma ni nyepesi, ongeza taiming hadi 14 au 15. Kweli, hewa nyepesi inapunguza hatari ya injini kugonga. Lakini siku utakaposhuka Dar na gari hilo hilo, joto la pwani na hewa nzito vitakudai. Mimi nimeliacha kwenye 10.

Waya ule ule wa TE1 na E1 unasoma makosa pia. Ukiunganisha, ukafungua swichi bila kuwasha gari, taa ya injini kwenye dashibodi inakonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia kidogo, kisha mara moja, hiyo ni 21, yaani sensa ya oksijeni. Usilipie kompyuta kwa kitu ambacho waya unakwambia bure.

Wenye kabureta, dawa yenu ni nyingine. Kabureta iliyopangwa kwa pwani inatia petroli nyingi kuliko hewa ya huku inavyohitaji. Tafuta jeti yenye tundu dogo kidogo, usiishie kukaza skrubu ya sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama).

Hatua ya 5: Hewa, na kosa lililonitokea

Kuna filta za wazi, zile zenye umbo la koni, zinazokaa uchi ndani ya boneti. Zinatoa sauti nzuri, sikatai. Niliuziwa moja mjini hapa nikahakikishiwa inaongeza farasi kumi. Nikaenda nayo Kondoa, nikaingia vijijini kwa barabara ya vumbi, siku mbili. Niliporudi nikapitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba la hewa, baada ya filta. Kilitoka chekundu.

Vumbi likishavuka filta linakuwa msasa kati ya ringi na ukuta wa silinda. Na hata ungekuwa unaishi kwenye lami, koni hiyo inavuta hewa ya ndani ya boneti. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, ya ndani inaweza kuwa 55 ukiwa kwenye foleni, na hewa ya moto ni nyepesi. Umeongeza hasara ya joto juu ya hasara ya mwinuko. Rudisha boksi la eakilina la kiwandani. Weka filta mpya ya karatasi, na kuanzia Julai hadi Oktoba, upepo unapobeba mashamba hewani, ifungue kila wiki mbili. Mpira unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye throto (mlango wa hewa wa injini) ukunje kwa vidole utafute nyufa. Ule mrija mdogo unaopeleka mdomo wa boksi mbele karibu na taa usiutupe. Ndio unaoleta hewa ya nje.

Safisha throto kwa dawa yake na kitambaa. Basi.

Hatua ya 6: Miguu

Kizazi cha X100 kina wishiboni mbili, yaani mikono miwili ya kushika kila gurudumu, mbele na nyuma, na gari likiwa na bushi mpya linatulia ajabu. Likiwa na bushi za miaka ishirini linaelea kama kitanda cha kamba. Kwa hiyo bushi, bolijointi na shokapu kwanza. Nyingi za spea hizi naagiza Dar, Gerezani au Kariakoo, zinapandishwa basi, nazifuata stendi ya Nzuguni. Tuma picha ya kile kibati, tuma na picha ya spea ya zamani ikiwa juu ya gazeti pamoja na rula.

Kushusha gari: nunua springi fupi zilizotengenezwa hivyo, au acha. Kukata springi kwa grainda ni mchezo wa nusu saa unaokudai miezi. Kila mzunguko unaoutoa unaifanya springi iwe ngumu zaidi, shokapu inafanya kazi ikiwa imekunjwa karibu na mwisho wake, na matuta ya Dodoma hayahurumii mtu. Utavuka kila tuta kwa mshazari kama kaa. Ukishusha kwa springi sahihi, sentimita tatu zinatosha, na siku hiyo hiyo peleka gari kwenye alaimenti. Matairi ya nyuma yanapenda kulala kwa ndani, nayo huisha upande usiouona.

Rimu: Mark II na Altezza zina nati tano, kipimo 5x114.3, tundu la kati milimita 60.1. Corolla 110 na Starlet ni nati nne, 4x100, tundu 54.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi iwekewe ringi ya kati, la sivyo usukani utatetema ukifika 90 na utabadilisha tairodi nzima bure. Tairi la kiwandani la GX100 ni 195/65R15, kimo chake milimita 634. Ukiweka 205/55R16 unapata 632, karibu sawa kabisa, na spidomita inabaki mkweli. 215/45R17 ni 625. Inavutia macho, ila ukuta wa tairi umebaki chini kidogo ya sentimita kumi, na shimo moja la usiku njia ya Mtera linapinda rimu. Mimi nimesimama kwenye 16.

Hatua ya 7: Breki

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. DOT 3, daraja la kawaida la mafuta hayo, yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakishashiba unyevu huweza kuchemkia 140. Ukiteremka mlima Sekenke na gari limejaa, pedali itakwenda chini bila jibu. Weka DOT 4, badilisha kila baada ya miaka miwili, tumia pedi za jina linaloeleweka. Ifanye hatua hii kabla ya inayofuata, hata kama mfuko unalalamika.

Hatua ya 8: Sasa farasi

Ukifika hapa, gari lako limeshapita magari mengi ya kelele, na pengine utatosheka. Kama bado, ziko njia tatu.

Bomba la moshi. Kwa 1G-FE bomba la inchi mbili na robo linatosha. Kubwa kuliko hapo unapoteza mvuto wa chini, ambao ndio unaoutumia kila siku kwenye keepilefti. Faida ni farasi wachache. Usimkere jirani kwa farasi watatu.

Kubadili injini. Kwa bodi ya X100, 1JZ-GE ya farasi 200 ndiyo njia ya heshima, kwa sababu kiwandani bodi hiyo hiyo ilitolewa na injini hiyo hiyo. Nunua nosikati nzima ya JZX100, yaani nusu ya mbele ya gari iliyokatwa: injini, giaboksi, mantingi, waya zote na kontroliboksi yake. Anayenunua injini tupu kwa sababu ni nafuu huishia kumlipa fundi umeme wiki sita za kuunga waya kwa kukisia. Rejeta nayo iwe ya 1JZ.

Tabo. 1JZ-GTE ilitoka kiwandani na farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana kutokizidi hadi 2004. Kwa mwinuko wetu tabo ina faida ya wazi, maana inajibania hewa yenyewe. Lakini kufunga tabo kwenye injini isiyozaliwa nayo, yenye kompresheni ya juu, bila mtu wa kupanga mafuta na taiming kwa vipimo, ni kununua tiketi ya kunoki. Ukiitaka, tafuta injini iliyozaliwa nayo.

Ukibadili injini au rangi, kadi ya gari inabeba vitu hivyo vyote. Nenda TRA ukarekebishe taarifa, na uijulishe kampuni yako ya bima. Namba ya injini isiyolingana na kadi ni mazungumzo marefu na trafiki, na marefu zaidi siku ya kuuza.

Kupima kazi yako

Usipime kwa kukimbizana Barabara ya Dar. Mimi nina kipande changu: natoka Kisasa asubuhi mapema, tanki limejazwa hadi pampu ikate, nakwenda Kibaigwa na kurudi kwa 80, nakaa pampu ile ile, najaza hadi ikate tena. Lita kwa kilomita, joto la siku hiyo, na nilichobadilisha, vyote naandika kwenye daftari linalokaa kwenye dashibodi. Badilisha kitu kimoja kwa safari moja, ukibadilisha vitatu hutajua kipi kimefanya nini. Ukurasa wa themostati na ukurasa wa taiming ndiyo inayoonyesha tofauti kubwa. Ukurasa wa bomba la moshi una mstari mmoja: "Hakuna kilichobadilika. Mama mwenye nyumba amelalamika."